Laini Iliyopita Tumboni

Kuna vitu mtu hatakiwi kuviweka mdomoni, na mimi nimeviweka karibu vyote. Kifuniko cha peni, msumari, noti, uzi wa kushonea magunia. Lakini kilichonitia aibu mbele ya soko zima ni laini ya simu.

Ngoja nieleze, maana mtu wa Dodoma akisoma hapa atadhani nimechanganyikiwa. Mimi ni dalali wa mchele Tunduma. Mchele unapanda kutoka bondeni Momba, unaingia sokoni kwetu, na wanunuzi wengi wanatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, yaani hapo hapo, ukitema mate na upepo ukikusaidia yanafika Zambia. Kazi yangu ni kuongea. Shule niliishia kidato cha pili, nikaiacha kabla haijaniacha yenyewe, na kitu pekee nilichotoka nacho ni mdomo. Sasa dalali asiye na simu ni mtu anayepiga kelele barabarani tu. Nilikuwa na laini tatu. Ya kwanza ndiyo namba yangu kuu, hiyo nimeiandika kwa maka peni kwenye magunia mpaka wino umenikaa kwenye kucha, kila mteja anaijua. Ya pili ya mtandao mwingine wa hapa hapa, kwa sababu kuna wakulima wa bondeni wanaoshika mtandao huo peke yake. Ya tatu ya Zambia. Simu yangu ilikuwa na matundu mawili. Laini tatu, matundu mawili, lazima moja ikae nje isubiri zamu.

Na inasubiria wapi? Mdomoni. Pale mpakani wengi tunafanya hivyo na hakuna anayeshangaa. Mkono mmoja umeshika simu, wa pili umeshika sindano ya kufungulia kitundu, malori yanakupulizia moshi, mfukoni kumejaa pumba, ukiitumbukiza humo hutaiona tena. Basi unaibana kati ya shavu na fizi, unaendelea kupatana bei kama kawaida. Nimewaona akina mama wana laini shavuni na maneno yanatoka safi kabisa. Na hiyo laini imetoka wapi? Imetoka kwenye mikono iliyoshika noti za nchi mbili, ikafuta kamasi la mtoto, ikamkamata kuku miguu. Ukikaa ukafikiria unatapika. Sisi hatukukaa tukafikiria.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeitoa ile laini kuu kidogo ili niweke ya Zambia, nimpigie mama mmoja wa Nakonde ambaye ndiye mteja wangu mkubwa. Laini kuu nimeitupia shavuni. Nimekaa juu ya magunia na dalali mwenzangu, tunakunywa uji. Nikaanza kumsimulia habari ya mzee mmoja aliyedondosha meno yake ya bandia kwenye mchele wa kuonyeshea wateja. Mimi nina ugonjwa mmoja, nacheka utani wangu kabla haujafika mwisho. Nikacheka, nikavuta uji, nikameza. Nikasikia kitu kidogo chenye kona kinashuka taratibu kooni, hakina haraka.

"Nimemeza laini," nikasema.

"Laini gani?"

"Ile kuu."

Mwenzangu akanitazama tumbo, akatoa simu yake. "Tulia nikupigie. Ikiita tutajua imefika wapi."

Nikacheka na mimi, nilidhani ni jambo dogo. Nikaenda kwa kijana anayekaa na mwavuli na mashine ya alama za vidole pembeni ya barabara, nikamwambia nimepoteza laini, anirudishie namba yangu. Akaandika namba, akaangalia, akanitazama mimi, akaangalia tena.

"Mzee, jina linalokuja hapa ni la mwanamke."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa. Wakati ule laini zote zilipotakiwa kusajiliwa kwa kidole na namba ya kitambulisho cha taifa, mimi kitambulisho sikuwa nacho. Kila nikienda naulizwa cheti cha kuzaliwa, cheti sina, naambiwa nilete cha shule, cha shule kipi, kidato cha pili hawagawi vyeti vya kukimbia. Nikawa naahirisha. Aliyenisajilia ni mke wangu. Alipanga foleni tangu alfajiri, akaweka kidole chake, laini ikawa yake, namba nikaitumia mimi. Pale kwetu ni watu wengi wa namna hiyo, mtu anaongea kwenye laini ya shangazi, shangazi yuko kwenye ya mchungaji. Maadamu inaita, nani atauliza?

Kitambulisho nilikuja kukipata baadaye. Mke ndiye sikuwa naye tena. Aliondoka akisema amechoka kuishi na redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Akaolewa Ivuna, huko chini wanakochemsha chumvi, na bwana mmoja mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

"Huyo aliyesajili lazima aje mwenyewe aweke kidole," kijana akasema. "Bila yeye namba hii hairudi."

Nikajiuliza nitamwambia nini yule mwanamke. Nimemeza laini yako? Baada ya miaka yote, hodi yangu iwe hiyo? Nikasema hapana. Laini ipo, haijapotea. Najua iko wapi. Ni kusubiri tu.

Sitaeleza yote, ila nitaeleza kidogo, kwa sababu yalinipata na sioni kwa nini yanikae mimi peke yangu. Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji sita na choo kimoja cha shimo. Kitu kikishaingia kwenye shimo lile hakirudi. Kwa hiyo nilihitaji ndoo. Nikaichukua ya mama mwenye nyumba iliyokuwa imeanikwa kwenye kigingi, nikanunua glavu duka la dawa, nikachonga kijiti. Nikala mapapai mpaka nikachukia rangi ya machungwa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili nikaona kitu kinang'aa, moyo ukaruka, kumbe ni ganda la nyanya. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya bafu, kitambaa puani, kijiti mkononi, inzi wananisaidia kutafuta, nikawaza kwamba mama yangu aliuza kahawa ya shamba zima Mbozi ili mimi nisome.

Mama mwenye nyumba akatokea kwenye kona.

"Baba, hiyo ndoo si ya kwangu?"

"Nitakununulia nyingine, mama."

Akasogea kidogo, akaona, akarudi nyuma hatua tatu ameshika kifua. "Utaninunulia mbili. Na hiyo usinirudishie hata ukiiosha kwa maji ya Yordani."

Siku ya tatu asubuhi ikapatikana. Ilikuwa nzima, imepauka kidogo pembeni kama mtu aliyetoka jela. Nikaiosha kwa maji ya moto, nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaiosha kwa spiriti, nikaianika juani kwenye jani la mgomba, nikaiosha tena. Nikaipachika. Simu ikafikiri, mtandao ukapanda, meseji za siku tatu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Laini imepita kwenye uji, mapapai na maharage, na bado inafanya kazi.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Ila mimi nimewahi kunyamaza lini? Saa tano nilikuwa juu ya magunia nawasimulia watu, naigiza kabisa, kijiti na kila kitu. Walicheka mpaka wakalala chini. Nilijisikia mfalme.

Ufalme ule haukufika jioni. Mama wa Nakonde alivuka mpaka, akanitaka nimwonyeshe meseji ya mkulima kwenye simu yangu, bei aliyokubali na idadi ya magunia. Nikamnyooshea simu kama siku zote.

"Awe, mukwai," akasema, yaani hapana, hiyo mukwai ni ya heshima tu, mikono ameificha ndani ya kitenge. "Simama hapo hapo. Soma kwa sauti."

"Mama, nimeiosha."

"Mimi nanunua chakula. Nikishika hiyo halafu nishike mchele, Nakonde wataniambia nini?"

Nikasoma kwa sauti. Madalali wote waliokaa pale wakasikia bei ya mkulima wangu, na kabla sijamaliza mmoja ameshaondoka kwenda kumpigia. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Siri ya dalali ni bei, na bei yangu sasa ilikuwa inatangazwa. Hata mimi mwenyewe, sitaki kudanganya, nilishindwa kuiweka simu ile sikioni. Ikifika karibu na shavu napata harufu. Najua haikuwepo, plastiki haikumbuki, lakini pua yangu ilikuwa inakumbuka. Nikawa naongea kwa spika, simu nimeinyoosha mbali kama nimeshika nyoka, na soko zima linasikiliza. Wiki mbili tu wateja wakaanza kupungua. Mama wa Nakonde akaniambia wazi, "Ukiitoa hiyo laini nitarudi. Ukibadilisha namba usinitafute, kwenye namba ngeni mimi situmi pesa, wameshaniibia wengi."

Basi niko pale katikati. Namba ibaki, laini iondoke.

Nikaenda ofisi ya kampuni ya simu, siyo kwenye mwavuli tena, ofisi yenyewe yenye viti na kiyoyozi kinachovuja. Kaunta alikuwepo dada mmoja mpole, ana subira ya muuguzi. Sikumwambia ilikopita. Nikamwambia tu laini imechakaa, na mimi sitaki kuona kadi nyingine ya laini mbele ya macho yangu mpaka nife.

"Basi tumia e-sim," akasema.

"Hiyo inakaa wapi?"

"Haikai popote, kaka. Yaani iko ndani ya simu tangu ilipotengenezwa. Kuna kitu kidogo kimegandishwa humo, hakitoki. Sisi tunakupa picha ya vidoti vidoti, unaipiga kwa kamera, namba yako inashuka inaingia humo."

"Siwezi kuitoa?"

"Huwezi."

"Hata nikitaka kuiweka mdomoni?"

Akanitazama. "Uiweke mdomoni kwa nini?"

"Naulizia tu."

Akaniambia simu moja inaweza kubeba laini kadhaa za namna hiyo, unachagua kwa kidole ipi iwake, na tundu la kadi unaliacha kwa laini ya ng'ambo. Kwa mtu wa mpakani, anasema, inasaidia. Nilitaka kumkumbatia. Lakini ni dada mkweli, akaniambia na mabaya yake. Kwanza siyo kila simu inakubali. Akanipigisha nyota, reli, sufuri sita, reli, zikatokea namba za simu yangu, akasema hakuna namba ndefu ya e-sim hapa, hii haina. Pili, simu ikizima chaji uko porini, huwezi kuchomoa laini ukaazima simu ya kitochi ya mtu. Ikidondoka majini inazama na namba yako, unarudi hapa ofisini uanze upya. Ukibadilisha simu, vile vile. Na simu za mtumba zilizofungwa na kampuni za nje, usinunue hata ukipewa na mbuzi.

"Na mwenye namba lazima awepo," akamalizia. "Jina hapa ni la mwanamke."

Simu nilibadilisha. Pikipiki yangu kuukuu iliondoka, simu ikaja, niliipigisha nyota na reli pale pale dukani kabla sijatoa ufunguo. Laini ile nikaihamishia humo kwa muda, kwa glavu. Ikabaki safari ya Ivuna.

Nilishuka na Fuso lililokuwa linafuata chumvi. Tulipita Chitete, barabara ina mashimo yanayokusalimia kila moja kivyake, nikafika nimekuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Mke wangu wa zamani nilimkuta kwenye moshi, anakoroga maji ya chumvi kwenye sinia kubwa la bati. Mikono imekakamaa, nyeupe, imepasuka. Hakushtuka.

"Redio imefika," akasema.

Mumewe alikuwa amekaa kivulini anasuka kamba. Nilisimama nikawaza nimwiteje. Shemeji? Mwenzangu? Nikamwita mkuu. Akaitikia kwa kidevu.

Nikaeleza shida yangu, na nikadanganya. Nikasema laini ilidondoka kwenye maji machafu, ikaharibika, nahitaji aje Tunduma anihamishie umiliki mara moja tu, basi, sitamsumbua tena. Alichota chumvi, akaichuja, akaimwaga kwenye kapu. Halafu akasema:

"Unajua siku ile nilisimama foleni tangu saa kumi na moja? Wewe ulikuja saa saba na mahindi ya kuchoma, ukawachekesha watu wote, ukaniuliza kama tumeshamaliza."

"Nakumbuka."

"Mahindi yenyewe ulikuwa umeyala wewe."

Mumewe akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Kisha akamwambia mkewe maneno yake yote ya siku ile: "Nenda kamalizie. Asiwe anakuja."

Tukapanda na Fuso la chumvi kesho yake. Dereva akatuambia anashusha mzigo Tunduma na kugeuza saa sita, atatupitia ofisini, asiyekuwepo atalala huko huko. Tulifika kaunta saa nne na nusu. Dada akatupokea, akachukua kitambulisho changu, akachukua cha mtalaka wangu, nikaweka kidole changu, kikakubali mara moja. Halafu akasema, "Mama, na wewe."

Mashine ikakataa.

Akaweka tena. Ikakataa. Dada akamfutia kidole kwa kitambaa, akabonyeza yeye mwenyewe, ikakataa. Kidole cha shahada, ikakataa. Chumvi ilikuwa imemla ngozi, vidole vimekauka vimekuwa laini kama kijiko. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mzee mmoja akasema, "Huyo mama hana vidole au hana serikali?"

Saa tano ikapita. Dada akasema labda wakati tunasubiri tumsomee namba iliyoandikwa kwenye kadi ya laini yenyewe, kwa ajili ya fomu. Kadi mimi nisingeishika pale mbele za watu na glavu, ningeulizwa. Nikafungua kitundu, nikainamisha simu, laini ikadondoka kaunta. Mtalaka wangu akaiokota, maana macho yake ni mazuri kuliko yangu, akaishika kwa kidole gumba na cha shahada, akaisogeza karibu na uso, akamsomea dada namba zote. Halafu dada naye akaichukua akaihakiki. Mimi nikawa natazama dari. Kiyoyozi kinavuja, na mimi navuja jasho.

Nje Fuso likapiga honi.

"Jaribu mara ya mwisho," dada akasema. "Kimekauka sana hicho kidole. Kiloweshe kidogo."

Mtalaka wangu akainua kidole gumba, kile kile, akakipeleka mdomoni.

Nilikuwa na muda wa kunyamaza. Nataka niliseme hili vizuri kwa sababu watu hunicheka wakidhani niliropoka. Sikuropoka. Niliona kabisa: analamba, kinalowa, mashine inakubali, namba ni yangu, mama wa Nakonde anarudi, Fuso linaondoka, na hakuna mtu duniani atakayejua. Ningeenda nyumbani na namba yangu. Na kila ikiita ningekuwa naona ulimi wa mwanamke aliyesimama foleni kwa ajili yangu.

"Usilambe!" nikapiga kelele.

Foleni nzima ikageuka. Kidole kimebaki hewani, nusu njia.

"Kuna nini?"

"Haikudondoka kwenye maji machafu."

"Ilidondoka wapi?"

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimulia kitu bila kuigiza. Nikasema nilimeza, nikasema ndoo, nikasema siku tatu. Maneno yalitoka machache, yana ladha mbaya kama yale mapapai. Sikuweza kumtazama. Niliona tu mkono wake unashuka taratibu, vidole amevitanua, kila kimoja kiko mbali na mwenzake. Dada wa kaunta alitoa sauti ndogo, "Iiiih," akaitazama mikono yake yote miwili kama ya mtu mwingine. Yule mzee wa foleni akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

"Ulinibeba kutoka Ivuna," mtalaka wangu akasema pole pole, "ukaniacha niyashike mavi yako mbele ya watu."

"Nimeiosha."

"Nyamaza."

Nikanyamaza.

"Dada, maji yako wapi?"

Wakaenda wote wawili nyuma ya ofisi. Nikasikia bomba linafunguliwa. Maji yakamwagika, yakamwagika. Nikasikia dada anasema kuna sabuni ya kufulia, nyingine ya vyombo, brashi, na birika la maji ya moto. Wakasugua. Fuso likapiga honi tena, ndefu. Mimi nilikuwa nimeshakubali kwamba mwanamke atatoka kwa mlango wa nyuma apande gari, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Nilijichukia kwa namna ambayo hata utani haukuja, nilitafuta hata mmoja wa kujifariji, hakuna.

Akarudi. Mikono imekuwa myekundu, inatoa mvuke wa maji ya birika, ngozi imelainika, nyeupe yote ya chumvi imeondoka. Hakunitazama. Akakiweka kidole gumba kwenye mashine kwa nguvu kama anamponda kunguni.

Mashine ikalia. Imekubali.

Dada akabaki mdomo wazi. "Kumbe kilitaka kusuguliwa tu."

Akabonyeza vitu vyake haraka, akanigeuzia kioo chenye vidoti vidoti, nikakipiga kwa kamera. Simu ikasema subiri. Ile kadi pale kaunta ikafa hapo hapo, ikawa kipande cha plastiki, na hakuna mtu kati yetu watatu aliyetaka kuigusa. Dada akaisukuma kwa rula mpaka ikaingia kwenye pipa la taka. Kisha rula nayo akaitupa.

Mtalaka wangu alikuwa anafunga kanga yake vizuri, ajiandae kutoka. Nikamwambia asante.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza. "Ungeniacha nikalamba."

"Nilishindwa."

"Ungeniambia Ivuna nisingekuja."

"Ndiyo maana Ivuna sikukuambia."

Akasimama mlangoni, honi inamwita. "Sasa namba ni yako, na kidole ni chako. Ukiipoteza, ujitafute mwenyewe." Mkono hakunipa. Alipanda Fuso mikono ameiweka mbali na nguo, nikaona dereva anamuuliza kitu, na yeye anaanza kumweleza, na dereva anageuka kunitazama kupitia dirishani.

Watu siku hizi wananiuliza, kaka, hiyo e-sim tuitumie au tusitumie? Nawaambia kama wewe ni wa kuazima vitochi vya watu bondeni, baki na kadi yako. Mara mbili nimeishiwa chaji huko Momba nikawa bubu kabisa. Kama simu yako haina ile namba ndefu, usijisumbue. Kama laini yako iko kwa jina la shangazi, nenda kwa shangazi leo, akiwa hai na mkiwa mnaongea. Lakini kama wewe ni mtu wa mpakani na una shavu, tumia.

Mama wa Nakonde alikuja wiki iliyofuata. Alisimama hatua mbili, mikono ndani ya kitenge. Nikafungua kitundu cha simu mbele yake, nikamwonyesha kwamba ya kwetu haimo, imo ya Zambia peke yake.

"Sasa ile iko wapi?"

"Iko ndani."

Akarudi nyuma. "Ndani ya nani?"

"Ndani ya simu, mukwai. Imezaliwa nayo. Haijawahi kuwa na mimi hata siku moja."

Akatoa mkono, akaipokea simu kwa vidole viwili, akaisoma meseji ya mkulima kimya kimya mpaka mwisho. Akanirudishia, akasema ataichukua mizigo yote, na akaniomba maji ya kunawa.